Zako Tia Maji: Namna ya Kupima Vinyoleo vya Wembe, Kipi Kinanyoa Chini na Kipi Hakikusumbui

Ukitaka kujua kinyoleo kipi ni kizuri, usikiulize asubuhi ile uliyonyoa. Kiulize siku ya pili, na ukiulize shingoni. Asubuhi ya kunyoa kila kinyoleo ni kizuri: ngozi imenywa maji ikavimba kidogo, imemeza ncha za ndevu, na ukipitisha mkono unasikia ulaini mtupu. Ukweli hujitokeza baadaye, ndevu zinapoanza kurudi.

Kwa mwenye ndevu za kipilipili jambo hili ni zito zaidi. Udevu uliojikunja ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake hubaki imechongoka kama mshale. Unapokua hujipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani, au hutoka nje kidogo kisha ukaingia tena pembeni. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu. Kwa hiyo mwongozo huu unapima mambo mawili kwa pamoja, kunyoa chini na wepesi wa kutumia, na pale yanapogongana unaegemea wepesi. Anayetafuta shavu la kioo kwa ajili ya harusi ya Jumamosi anaweza kuegemea upande wa pili, ilimradi Jumatatu asilalamike.

Istilahi kwanza, tusichanganyane. Wembe hapa ni kile kipande chembamba cha chuma chenye makali pande mbili, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kinyoleo ni chombo kinachoushika.

Vinyoleo vyenyewe

Cha kwanza ni kinyoleo cha usalama, kile cha mpini na kichwa kinachobana wembe. King Camp Gillette wa Marekani alianzisha kampuni yake mwaka 1901. Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, aliuza vinyoleo 51 na nyembe 168 tu. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, akaipata mwaka 1904. Umbo lile halijabadilika sana tangu hapo. Vingi vina vipande vitatu: kifuniko cha juu, bamba la chini, na mpini unaovibana kwa skrubu. Vingine hufunguka kama milango miwili ukizungusha kitako cha mpini. Ni rahisi kubadilisha wembe, lakini uchafu wa sabuni hujificha kwenye bawaba.

Cha pili ni kinyoleo cha kurekebishwa, ambacho unaweza kukiongezea au kukipunguzia ukali. Merkur Progress ya Ujerumani ina kitako cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5. Rockwell 6S haina kitako hicho bali mabamba matatu, kila moja lina pande mbili, kwa hiyo unapata ngazi sita.

Cha tatu ni wembe wa kukunja, ule wa wazee, unaonolewa na kupigwa kwenye mkanda wa ngozi. Cha nne ni ndugu yake wa kinyozi: umbo la kukunja, lakini unavalishwa nusu ya wembe wa kawaida na nusu hiyo hutupwa kila mteja anapoinuka.

Soma kichwa kabla ya kunyoa

Watu hubishana kuhusu chapa, ilhali tabia ya kinyoleo cha usalama imeandikwa kwenye kichwa chake. Tia wembe, kaza, kisha kiinue usawa wa macho ukitazame kutoka ubavuni, mwanga ukiwa nyuma yake.

Angalia kwanza mwanya, ile nafasi kati ya makali na ukingo wa bamba. Mwanya mdogo, wa nusu milimita hivi, hupitisha ndevu fupi na povu jepesi tu; unaokaribia milimita moja humeza ndevu za wiki nzima bila kuziba.

Lakini mwanya peke yake hudanganya. Kinachouma zaidi ni kiasi wembe ulivyojitokeza. Vuta mstari wa kufikirika kutoka ukingo wa kifuniko hadi ukingo wa bamba. Makali yakibaki nyuma ya mstari, kinyoleo ni mpole: kifuniko na bamba hugusa ngozi kabla ya wembe. Yakiuvuka, wembe ndio unaotangulia, na kila kosa la mkono utalilipa kwa damu. Kuna vinyoleo vyenye mwanya mpana lakini wembe umejificha, na hivyo hunyoa kwa upole usioutarajia.

La mwisho ni ubanaji. Kichwa kikiushika wembe karibu na makali, wembe hautetemeki. Kikiushika mbali, makali hupepesuka yakikutana na ndevu ngumu za kidevuni, na utasikia unavutwa badala ya kukatwa. Wengi hulaumu wembe hapo, wakati kosa ni la kichwa.

Bamba lenye meno wazi kama kitana halimaanishi ukali moja kwa moja. Meno yanapitisha povu zito na ndevu ndefu. Ukali unatokana na mwanya na kiasi wembe ulivyojitokeza.

Zako tia maji

Methali inasema mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji, na asiyeisikiliza hunyolewa bila maji. Udevu mkavu ni mgumu ajabu. Ukinywa maji kwa dakika mbili au tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Jaribio lolote la vinyoleo lililofanywa juu ya ndevu kavu halina maana.

Osha uso kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, au nyoa baada ya kuoga. Bila nafasi hiyo, weka taulo dogo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika mbili. Loweka brashi kwenye kikombe wakati huo huo. Kamua brashi, weka krimu ya kunyolea ukubwa wa harage moja, au zungusha brashi juu ya sabuni ngumu ya kunyolea kwa sekunde 30. Kisha jenga povu ndani ya bakuli au usoni penyewe kwa dakika moja hadi mbili, ukiongeza maji kwa matone.

Povu zuri linang'aa kama mtindi na halina mapovu ya kuonekana. Likisimama kama pamba na kukauka pembeni, maji ni machache. Likiwa na mapovu makubwa kama ya dobi, maji yamezidi au sabuni ni kidogo. Likikataa kabisa kukaa, chunguza maji yako. Maji ya visima vya pwani, ya Dar es Salaam na Unguja kwa mfano, mara nyingi yana chumvi, na sabuni huganda humo badala ya kutoa povu. Tumia robo lita ya maji ya kunywa au ya mvua kwa ajili ya povu tu. Ya kusuuzia yanaweza kuwa ya kisima. Sabuni ya mche haifai: hukausha ngozi na haiteleziki vya kutosha.

Kazi nyingine ya mara moja: chora ramani ya ndevu zako. Acha siku mbili bila kunyoa, kisha pitisha vidole pande nne. Panapokwaruza, unakwenda kinyume cha mlalo, yaani upande ndevu zinakoelekea; panapoteleza, unaufuata. Shingoni ndevu nyingi hulala ubavu au hupanda juu, na kwa watu wengi upande wa kulia hutofautiana na wa kushoto. Ichore kwenye karatasi, ibandike karibu na kioo.

Jaribio, hatua kwa hatua

1. Chagua vinyoleo viwili. Ukileta vitano kwa pamoja utabaki na kumbukumbu ya kile cha mwisho tu.

2. Nunua pakiti moja ya nyembe za aina moja na utie mpya katika kila kinyoleo. Astra au Nacet ni za kati na zinafaa. Feather ya Japani ni kali mno kwa mtu anayeanza kupima. Itakifanya kinyoleo kikali kionekane cha kutisha.

3. Kutia wembe: geuza kifuniko chali, laza wembe juu yake ukishika ncha fupi zisizo na makali, weka bamba, kaza mpini. Kabla ya kukaza mwisho, bonyeza kichwa kwenye taulo. Tazama kutoka juu: makali yachomoze sawasawa pande zote mbili. Yakiwa yamepinda upande mmoja, legeza na urudie, la sivyo utakuwa unapima vinyoleo viwili katika kimoja.

4. Nyoa kila baada ya saa 48. Siku ya kwanza shavu la kushoto ni la kinyoleo A, la kulia ni la B. Siku inayofuata ya kunyoa, badilisha. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, nayo ndiyo inayoharibu matokeo: mtu wa mkono wa kulia ana upande mmoja anaounyoa vizuri kwa sababu ya mkono wake, si kwa sababu ya chombo.

5. Fanya vikao vinne. Kwa kuwa kila wembe unanyoa nusu ya uso, vikao vinne ni sawa na kunyoa mara mbili kamili, hivyo makali bado ni mazima na hayataingilia hukumu.

6. Kila kikao kina mikupuo miwili tu, yaani unapitia sehemu yote mara mbili. Wa kwanza unafuata mlalo wa ndevu. Paka povu upya. Wa pili unapita ubavu. Kinyume cha mlalo usiende kabla ya kikao cha tano, na uende tu ikiwa shingo imebaki safi.

7. Pembe: gusisha kifuniko kwenye shavu, mpini ukiwa umesimama mbali na uso. Hapo wembe haukati kitu. Teremsha mpini polepole huku ukivuta, mpaka usikie sauti ya ndevu zikikatika. Simama hapo. Ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi, lakini sikio ni kipimo bora kuliko hesabu. Ukiendelea kuteremsha, wembe huacha kukata na huanza kukwangua.

8. Vuta kwa urefu wa sentimita mbili au tatu, suuza, endelea. Usibonyeze. Aliyezoea vinyoleo vya plastiki hubonyeza bila kujua. Shika mpini kwa ncha za vidole, karibu na kitako chake, na uzito wa kichwa ufanye kazi.

9. Hesabu mara ulizorudia pale pale, hasa pembe ya taya na chini ya kidevu. Namba hiyo ndiyo kipimo cha wepesi wa kinyoleo: ikiwa ndogo, kinyoleo ni chepesi kutumia. Chenye kichwa kinene hupata tabu chini ya pua, kiandikie hilo.

Kupima matokeo

Suuza kwa maji baridi, kisha chukua shabu, lile jiwe jeupe la dukani. Lilowanishe, lipitishe uso mzima na usubiri nusu dakika. Shabu ina faida ya kuzuia damu ndogo, lakini hapa kazi yake ni ushahidi: pale inapochoma ndipo wembe ulipokwangua ngozi hata kama huoni jeraha. Linganisha kushoto na kulia. Kinyoleo kilichokuachia shavu laini lakini shabu ikawaka shingo nzima kimechukua zaidi ya ndevu.

Ulaini upime baada ya dakika 30, ngozi ikiwa imetulia. Tumia kipande cha pamba badala ya mkono, ukikiburuta kinyume cha mlalo. Panapokamata nyuzi, pana ncha za ndevu. Rudia baada ya saa 24. Baada ya saa 48, kabla ya kikao kinachofuata, hesabu vipele kila upande. Kwenye daftari safu tano zinatosha: marudio, mikato, shabu, pamba, vipele.

Ukiwa na kinyoleo cha kurekebishwa, anza na ngazi ya chini na upande moja kila baada ya vikao viwili. Simama pale shabu inapoanza kuchoma, kisha rudi ngazi moja. Mabishano mengi yangeisha hapo.

Utakachokiona kwa kawaida

Kati ya vinavyotajwa sana, Mühle R89 ya Ujerumani na Edwin Jagger DE89 ya Uingereza zina kichwa kinachofanana. Anayekuambia moja inanyoa chini kuliko nyingine anapima mpini au wembe. Ni za upole wa kati, na kwa anayeanza ni chaguo lisilo na majuto. Merkur 34C ni nzito na fupi, haina papara. Feather AS-D2 ni mpole sana, tena ni ya chuma kisichoshika kutu. Kwa ndevu nene za siku nne itakulazimisha kurudia. Gillette Tech za zamani, zile za wazee zinazopatikana bado kwenye masanduku, ni pole kiasi kwamba zinafaa kabisa kwa mwenye vipele.

Upande wa pili kabisa iko Mühle R41. Mkupuo mmoja wake hufanya kazi ya miwili ya R89, na ndevu za wiki haziisumbui. Lakini haisamehe. Mwenye ndevu zilizonyooka na mkono uliozoea ataifurahia. Mwenye kipilipili akiitumia kinyume cha mlalo atavuna vipele baada ya siku mbili.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kinyoleo mpole chenye mikupuo miwili na kinyoleo kikali chenye mkupuo mmoja hufika karibu mahali pamoja kwenye kipimo cha pamba cha saa 24. Tofauti hubaki kwenye safu ya shabu.

Wembe wa kukunja ni mada nyingine

Usiulinganishe na vingine kabla hujanyoa nao mara ishirini hivi. Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu, malizia kwa kinyoleo cha usalama. Kabla ya kila mara, upitishe kwenye mkanda wa ngozi mara 30 hadi 50, mgongo ukitangulia na makali yakifuata; ukigeuza kinyume utakata mkanda na kuua makali. Geuza wembe kwa mgongo wake, kamwe usiugeuze kwa makali.

Mkanda unanyoosha makali, haunoi. Kunoa kunataka vinoo vya chembe 1000 (namba ikipanda, chembe ni laini zaidi), kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na wengine humalizia 12000, mgongo na makali vikilala juu ya kinoo muda wote. Kinoo cha kisu cha jikoni kitauharibu ndani ya dakika moja. Nyembe nyingi mpya za kukunja, hata za Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa nyembe, huhitaji mkono wa mnoaji kabla ya kugusa uso.

Wenye vipele wanapaswa kujua siri yake moja: wembe wa kukunja unakutaka uvute ngozi hadi ikaze. Ngozi ikikazwa, ndevu huchomoza zaidi na hukatwa chini zaidi. Ukiiachia, ncha huzama ndani. Ndiyo sababu unasifiwa kwa ulaini, na ndiyo sababu kwa kipilipili ni mtihani. Kwa kinyoleo cha usalama mpole huhitaji kuvuta ngozi kiasi hicho, na mwenye vipele asiivute kabisa.

Ule wa kinyozi wa nusu wembe hauhitaji kunolewa, ila ni mwepesi na mkavu mkononi, na ncha zake za pembeni huchimba. Wembe uvunje ukiwa bado ndani ya karatasi yake, kwa kuukunja katikati kwa urefu. Mteja ana haki ya kuona ukivunjwa mbele yake. Kuchangia wembe ni njia ya kuambukizana homa ya ini na VVU.

Vinapoenda mrama

Ukijikata kwenye kikoromeo, meza mate na ushikilie, au sogeza ngozi pembeni hadi ilale juu ya sehemu bapa. Mikato ya kidevuni hutokana na mivuto mirefu. Fupisha hadi sentimita moja.

Ukihisi unavutwa, jiulize kwa mpangilio: ndevu zimelowa? mpini umeteremka kupita kiasi? wembe umenyoa mara ngapi? Wembe mmoja hufika mara tatu hadi saba kwa wengi. Ukianza kuvuta, tupa. Kuufuta makali kwa taulo hakuurudishii ukali, kunayaharibu.

Vipele vikitokea pande zote mbili kwa vinyoleo vyote, kosa si la chombo. Acha mkupuo wa ubavu, fuata mlalo tu, na uongeze siku kati ya kunyoa na kunyoa. Vikitoa usaha au vikiacha makovu yaliyovimba, weka wembe chini na umwone daktari wa ngozi.

Kutunza

Fungua kinyoleo, suuza, kung'uta, acha kikauke. Kichwa cha aloi ya zinki kilichopakwa kromu kikidondoka sakafuni hupinda au hupoteza mpako, na maji ya chumvi humaliza kazi. Wembe wa kukunja wa chuma cha kaboni hushika kutu upesi kwenye hewa ya pwani: ukaushe kabisa kabla ya kuukunja, usiache bafuni, na upake tone la mafuta ya cherehani.

Nyembe zilizokwisha usizitupe wazi kwenye taka, kuna watu wanaochambua taka hizo kwa mikono mitupu. Chukua kopo la maziwa, toboa tundu jembamba juu, ziingize humo moja moja. Kopo likijaa, ziba tundu kwa kuligonga kwa nyundo.